Mfuko wa Tatu

Kabla mdogo wangu hajaja ofisini, hesabu za mpunga nilikuwa naziandika mimi. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba, mwandiko wa kusomeka, na daftari kubwa la jalada gumu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulishika na mikono yenye mafuta. Mradi wetu ulikuwa wa kujaribu mbegu za mpunga katika vijiji vya bonde la Kilombero. Ofisi ilikuwa Ifakara, vyumba viwili na ghala, na katika kila kijiji tulikuwa na mtunza kumbukumbu mmoja aliyevuna kipande cha majaribio, akapima, akapiga hesabu na kutuletea jibu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mizani yetu ya kuning'iniza ilikuwa haivuki kilo ishirini na tano, kwa hiyo mpunga wa kipande kimoja uligawanywa katika mifuko mitatu. Unapima wa kwanza, wa pili, wa tatu, unajumlisha, unatoa uzito wa mifuko mitupu. Halafu unapima unyevu kwa kile chombo kidogo cha betri, na unapiga hesabu ya kujua mpunga huo ungekuwa na uzito gani kama ungekauka sawasawa. Katika daftari langu kila hatua ilikaa kwenye mstari wake, tarakimu tupu bila maneno, kwa sababu mimi mwenyewe nilijua kila tarakimu ni ya nini.

Katikati ya miaka ya tisini ikaletwa kompyuta. Ikaletwa na mdogo wangu pia. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akakaa miezi mitatu Morogoro kujifunza kuchapa na kutumia mashine hizo, na mkuu wetu wa kazi alipoomba mtu, ni mimi niliyepeleka jina lake. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba sikulazimishwa. Mimi niliacha shule ili nimsaidie mama shambani, yeye akaendelea. Miaka yote ile niliyokuwa nimeinama kwenye majaruba nikipandikiza, nilijiambia kwamba mmoja wetu akisoma tumesoma wote. Niliamini kweli, mpaka siku alipokaa kwenye kiti chenye magurudumu, akaegemea, na mkuu akasema, "Sasa tumepata mtaalamu."

Wivu wangu haukuanza na jambo kubwa. Ulianza na kalamu aliyoichomeka kwenye nywele. Ukaja kwenye saa yake ya mkononi, kwenye namna alivyosema "subiri kidogo, dada" bila kugeuza macho kutoka kwenye kioo. Nyumbani mama alianza kumwekea kichwa cha kambale. Nilipouliza, alinijibu bila hata kuinua macho kwenye sufuria, "Mwenzio anatumia akili siku nzima." Nikala mkia.

Mtaalamu aliyeiweka kompyuta alituachia jedwali lenye fomula ndani yake. Ukibonyeza kisanduku, fomula ilionekana juu ya kioo hivi:

=(C4+D4+E4-F4)*(100-G4)/86

Ilifanya kazi. Lakini vijijini hakukuwa na kompyuta, na ofisi kubwa tuliyokuwa tukiipelekea diski ilitumia programu nyingine isiyoweza kufungua jedwali letu. Pande zote mbili zilihitaji kitu kimoja: ukurasa wa maandishi matupu, usio na mistari ya jedwali wala visanduku, unaoeleza hesabu ile kwa herufi za kawaida tu. Mkuu akatuambia kila mmoja aandike wa kwake, halafu watunza kumbukumbu wachague. Akaongeza kwamba ukurasa utakaochaguliwa utatumika msimu mzima, na mwenye ukurasa huo ndiye atakayekuwa karani mkuu wa takwimu. Alisema akitabasamu, kama anatugawia pipi. Mimi nilikuwa nimekaa pale miaka sita.

Niliandika wa kwangu kwa uaminifu wote. Niliinakili fomula kama ilivyokuwa kwenye kioo, herufi kwa herufi, kwa sababu niliogopa kuikosea. Chini nikaorodhesha: C ni nini, D ni nini, mpaka G.

Mkutano ulifanyika ghalani. Walikuja watunza kumbukumbu wa vijiji vyote isipokuwa wa Masagati, kwa sababu masika yalikuwa yameikata barabara ya kule ng'ambo ya Mlimba. Mama mmoja wa Kisawasawa, mcheshi, aliushika ukurasa wangu akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu.

"Mama wee," akaniambia, "hizi si namba za magari?"

Watu wakacheka. "Hilo la G4 ni lori la miwa," mwingine akadakia. "Likikuona halisimami!"

Nilicheka pia. Ndipo mdogo wangu akaandika wa kwake ubaoni, kwa chaki, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine:

uzito mbichi = mfuko wa kwanza + mfuko wa pili + mfuko wa tatu - mifuko mitupu

Chini yake:

uzito mkavu = uzito mbichi x (100 - unyevu) / 86

Akageuka na kueleza kwamba themanini na sita inatokana na mpunga uliokauka vizuri, kwa kuwa katika kila kilo mia za mpunga huo kumi na nne bado ni maji. Hakuna aliyemuuliza kitu. Yule mama wa Kisawasawa alisoma mistari yote miwili kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma barua ya mwanawe, akasema, "Hii hata mimi ningeiandika." Hiyo ndiyo sifa iliyonichoma kuliko zote. Na mbaya zaidi, nilijua kuwa kile walichokipenda, hatua moja kwenye mstari mmoja, kilikuwa ndani ya daftari langu miaka sita. Kilichokosekana ni majina tu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mwingine angetaka kusoma.

Jioni ile alinifuata uani nikiwa naosha vyombo. "Dada, usikasirike."

"Nikasirikie nini?"

"Nimeona umekasirika."

"Wewe ona kompyuta yako."

Akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, na ilinizidishia hasira, kwa maana mtu mwenye kiburi ningemchukia kwa raha.

Siku mbili baadaye akaja mezani kwangu na ukurasa uliochapwa. Karatasi ya kupeleka vijijini ilikuwa nyembamba, ili iingie ndani ya daftari la shule, na ule mstari mrefu haukuenea. Alikuwa ameukata:

uzito mbichi = mfuko wa kwanza + mfuko wa pili
   + mfuko wa tatu - mifuko mitupu

Pembeni, mkabala na mstari wa kwanza, kulikuwa na kisanduku cha kuandikia jibu.

"Dada, wewe ndiye unayewajua watu hawa," akasema. "Mimi sijafika hata kijiji kimoja. Hebu soma. Kuna kitu hapo kitawatatiza?"

Nilisoma, na nikaona papo hapo. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimepanda treni hadi Mlimba na kuendelea hadi Masagati kupeleka mizani, na nilikaa siku tatu na mtunza kumbukumbu wa kule. Alikuwa katekista, mzee wa makamo, mtu wa upande wa Mahenge kwa asili. Alipiga hesabu kama alivyoongoza litania kanisani: anasoma mstari kwa sauti, anasimama, analiacha jibu lije. Kidole chini ya maneno, kalkuleta kwenye goti, na mstari ukiisha anabonyeza "sawa na" kwa nguvu kama anayegonga mhuri. Kwake mwisho wa mstari ulikuwa mwisho wa jambo. Nilijua angejumlisha mifuko miwili, angegonga mhuri wake, angeandika jibu kisandukuni. Nilijua pia dawa yake: ile alama ya kujumlisha ingebaki juu, mwishoni mwa mstari wa kwanza, asingeweza kusimama. Mtu akiona "jumlisha" halafu hakuna kitu, anashuka chini kutafuta.

Nilijua haya yote kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyaandika. Mdogo wangu alikuwa amesimama, kalamu kwenye nywele, akisubiri.

"Hamna," nikasema.

"Kweli?"

"Nimesema hamna. Chapa."

Vijiji vya karibu havikudhurika. Namawala na Kisawasawa nilikwenda mwenyewe kwa baiskeli wakati wa mavuno, na walikuwa wameona ubaoni ule mstari mzima. Masagati ilipelekewa karatasi peke yake. Sitasema kwamba nilitaka kumdhuru katekista. Nilitaka majibu ya ovyo yaje, mkuu ashangae, aulize karatasi ni ya nani. Basi.

Majibu hayakuja ya ovyo. Kama kipande kilikuwa na mifuko ya kilo ishirini na mbili, ishirini na moja na ishirini, katekista aliandika arobaini na tatu badala ya sitini na mbili, mifuko mitupu ikiwa kilo moja. Kila kipande kilipoteza karibu theluthi moja, na mpunga uliopoteza theluthi ni mpunga wa kawaida wa mahali pabaya. Hakuna aliyetilia shaka karatasi. Mkuu aliyatazama majibu ya Masagati na kusema ama mbegu imeikataa ardhi ya kule, ama mfuko mmoja wa kila kipande umeingia jikoni kwa katekista. Alisema la pili kwa mzaha. Wiki iliyofuata aliliandika kwa namna nyingine katika barua: kwamba kumbukumbu za Masagati haziaminiki na msimu ujao mbegu haitapelekwa kule.

Na mdogo wangu akapewa ukarani mkuu. Akaletewa na kabati lenye ufunguo.

Kwa hiyo nilikuwa nimemtupia jiwe yeye, nikampiga mtu mwingine aliye mbali, na yeye hata upepo wake haukumgusa. Nilikaa na hilo siku tisa. Nilimwona akiyarudia majibu ya Masagati kwenye kompyuta, akikuna kichwa. "Dada, fomula iko sawa," aliniambia, "na yule baba unasema ni mwaminifu. Sasa mpunga umeenda wapi?" Nilimwambia labda ndege.

Siku ya kumi katekista akaja. Tulipofika kufungua ofisi tulimkuta amekaa kwenye benchi la nje, viatu vimejaa tope lililokauka, daftari limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Barua ilikuwa imefika kijijini na kusomwa mbele ya watu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mkuu yupo?"

Mkuu alimpokea akiwa amesimama, ishara kwamba mazungumzo yasiwe marefu. Katekista hakupandisha sauti. Alisema wakulima wenzake wanamuuliza mpunga aliuficha wapi. Alisema hawezi kusimama mbele ya waumini Jumapili na kuwaambia habari ya amri ya saba, usiibe, huku wakimtazama hivyo. Akalitoa daftari kwenye mfuko akaliweka mezani, mikono yake imetulia juu ya jalada. Mkuu akatazama saa.

Hapo nikasema. Nilikuwa nimesimama mlangoni na faili mkononi, nikasikia sauti yangu ikimwambia mkuu, "Mzee, mwache asome karatasi kwa sauti na apige hesabu tumwone."

Akasoma. "Uzito mbichi sawa na mfuko wa kwanza jumlisha mfuko wa pili." Akabonyeza. Akaandika. Akaifuta kalkuleta, kisha akashuka: "Jumlisha mfuko wa tatu, toa mifuko mitupu." Akabonyeza tena, akapata kumi na tisa, na akaiandika pembeni kabisa, kwenye ukingo wa karatasi, kwa sababu haikuwa na kisanduku. Ukingo wote wa daftari lake ulikuwa umejaa zile tarakimu. Mifuko yote ya tatu ilikuwa pale, imepimwa, imeandikwa, haijapungua hata robo kilo.

Mdogo wangu aliweka mkono mdomoni. "Kosa ni langu," akasema. "Baba, nisamehe. Mstari nimeukata mimi."

Nikachukua kalamu nikaivuta ile alama juu, mwisho wa mstari wa kwanza, nikampa katekista. Akasoma: "Mfuko wa kwanza jumlisha mfuko wa pili jumlisha..." Akatafuta kwa kidole, akashuka chini, akaendelea.

"Kumbe darasa la saba nalo linaona!" mkuu akasema, akanipigapiga begani. Barua nyingine iliandikwa siku hiyo hiyo ya kufuta ile ya kwanza, na katekista aliondoka nayo kifuani, amefunga vifungo vyote vya shati. Masagati ikabaki kwenye mradi. Mimi nikaitwa mtu wa kuona mbali. Nilikubali sifa ile. Kwa muda wa kama saa nne niliifurahia, na nisiseme uongo, kilichonifurahisha zaidi ni uso wa mdogo wangu alipokuwa akiomba radhi.

Jioni tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye akikokota baiskeli katikati yetu. Tulipopita viwanda vya kukoboa, akauliza bila kunitazama.

"Dada, ulijuaje kwamba anabonyeza 'sawa na' kila mwisho wa mstari?"

"Nilimwona."

"Leo?"

Ningeweza kusema leo. "Nilimwona Masagati," nikasema. "Nilipopeleka mizani."

Tukaenda hatua nyingi. Pumba zilikuwa zinapeperuka barabarani na yeye alikuwa amefumba jicho moja.

"Kwa hiyo nilipokuuliza, ulikuwa umeshaona."

"Ndiyo."

"Ukasema hamna."

"Nilisema hamna."

"Ungenitukana tu, dada," akasema. "Ungenitukana nikajua." Akapanda baiskeli akaniacha pale.

Hakumwambia mama. Hakumwambia mkuu. Karatasi mpya alizichapa kesho yake, kila alama mahali pake, na tuliendelea kula pamoja, kuteka maji pamoja, kwenda misa pamoja. Alinisalimu kila asubuhi. Lakini hakuniletea tena karatasi nisome. Aliandika kurasa nyingi baada ya ile, za mvua, za nafasi kati ya mche na mche, na kila moja alimpelekea yule mama wa Kisawasawa, ambaye alikuwa akija sokoni siku ya Jumamosi. Niliwaona wamekaa juu ya magunia, vichwa vimeinamiana, yule mama akisoma kwa sauti na mdogo wangu akiweka alama anaposimama. Nikaona wivu mwingine kabisa, ambao sikuwa naujua. Nilikuwa nimezoea kumwonea wivu mdogo wangu. Sasa nilimwonea wivu mtu aliyeaminiwa naye.

Ilikuwa hivyo karibu miaka miwili. Halafu akaugua kifua. Nilimuuguza mimi, nilimfulia, nilimnywesha uji, nilimgeuza ubavu. Mara kadhaa nilitaka kumwambia aniombe kitu chochote cha kusoma, hata orodha ya vitu vya sokoni. Sikuweza kusema. Alifariki mwanzoni mwa mvua za vuli, wakati watu wanatayarisha majaruba, akazikwa kwenye ardhi laini.

Baada ya misa ya arobaini mkuu alinipa ufunguo wa kabati. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumpa. Ndani nilikuta kurasa zake zote, na nilizisoma moja moja nikitafuta kosa. Hiyo ndiyo kweli: nilikuwa nimevaa kaniki ya msiba na nilikuwa natafuta kosa. Sikulipata. Kila kitu kilikuwa na jina lake, kila hatua mstari wake, mtu ambaye hakuwahi kumwona angejua la kufanya.

Msimu ule tulikuwa na mbegu mpya iliyozaa zaidi, na mfuko wa nne ulihitajika. Nikaandika ukurasa wangu wa kwanza, kidole kimoja kimoja kwenye vitufe. Nilipomaliza sikuwa na wa kumuuliza. Sokoni kwa yule mama wa Kisawasawa sikwenda; ningeona aibu. Nikapanda treni.

Katekista alinikaribisha barazani kwake, akatoa pole za msiba, akasali sala fupi. Nikampa karatasi. "Soma, baba, nisikie unaposimama."

Alisoma. Katikati alisimama, akarudi nyuma, akasimama palepale. "Hapa pana kitu, au ni macho yangu?"

"Pana kitu," nikasema. "Nimekosea." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea. Nikamwambia ya ule msimu, nilivyoulizwa, nilivyoona, nilivyojibu. Alinisikiliza kidole chake kikiwa bado chini ya neno aliloishia.

"Marehemu alijua?"

"Alijua."

"Alisemaje?"

"Hakunipa tena karatasi nisome."

Uani mkewe alikuwa anapepeta mchele, na sauti ya ungo ilikuwa inakuja na kuondoka.

"Mwaka ule," akasema, "huyo mama unayemwona uani alikuwa anakwenda kisimani peke yake, wenzake wakisharudi." Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Akanyoosha mkono nimpe kalamu, akaishika, akarudi juu kabisa ya ukurasa na kuanza kusoma upya tangu mstari wa kwanza.